Video ya Mtu wa Getini

Malaba, Tororo
Jumanne, 2 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Rashidah,

Assalaam alaykum. U hali gani huko, na kifua chako kimepona? Mwenye nyumba unayemfanyia kazi bado anakushindisha njaa mpaka watoto wake washibe? Sisi huku tunapumua. Mama mgongo unamsumbua, hasa asubuhi, lakini anafika msalani mwenyewe na hataki kushikwa. Munirah wangu ameota meno ya mbele, anamng'ata kila anayempakata. Mahindi yetu ya kule shambani Kwapa yamebeba vizuri mwaka huu.

Barua hii anakuletea Benedeta, binti wa mzee Maloba wa Busia, anayepanda ndege Alhamisi kuja kufanya kazi za ndani katika mji huohuo wako. Nimemwelekeza kwenye saluni ya yule dada wa Mbale mnakokutana Ijumaa, saa zako za kutoka. Tangu mwenye nyumba akunyang'anye simu sina njia nyingine ya kukupata. Tafadhali uisome ukiwa umekaa.

Ni kuhusu kaka yetu Hudhaifa. Mara ya mwisho uliniuliza kama amepiga simu, nikakujibu kwamba tangu kabla ya Ramadhani hatujasikia hata kikohozi chake. Ukanituliza, ukasema wanaume wakifika Uarabuni husahau nyumbani mpaka wakose sabuni. Nilicheka, nikatulia. Sasa tumemsikia, na natamani ningekuwa nakuandikia kwa furaha.

Nianzie kibandani. Shemeji yako Jamiru bado anaonyesha video pale karibu na foleni ya malori, na madereva wakikwama forodhani hujaa humo kama zamani. Wakorea, Wahindi, Wachina, wote anawatafsiri. Wewe unaijua siri yake, maana ulikalia benchi la mbele tangu darasa la tatu. Hajui Kikorea, hajui Kihindi, hajui hata salamu ya Kichina. Huzima sauti ya filamu kabisa, akashika maikrofoni, akatazama midomo na mikono ya watu, akasema yanayomjia. Ukimuuliza, atakwambia sauti zao zinamchanganya bure, picha inamtosha. Watu wanalia kwa kucheka. Hata mimi alinichekesha mpaka nikakubali kuolewa.

Siku za Idi ndogo akaanza kufanya hivyo hivyo na video fupi za mtandaoni. Mbuzi aliyepanda pikipiki, bibi harusi aliyekimbia na keki, zote nilikutumia. Halafu akaokota ile ya mtu wa getini katika kundi la madereva. Unaikumbuka. Mtu mwembamba amejifunga kitambaa uso mzima, yamebaki macho tu, jua linawaka, anapiga geti la kijani kwa viganja, anaanguka, anainuka, anapiga tena. Aliyemrekodi yuko dirishani juu. Jamiru akazima sauti kama kawaida yake, akamgeuza mume aliyefungiwa nje na mkewe kwa kula kuku wa mkwe. "Nifungulie mama, mguu nimekubakishia!"

Video hiyo ilivuka mpaka bila kugongewa muhuri. Busia waliicheka, Kampala waliicheka. Waendesha boda wa hapa stejini wakimwona mtu amechelewa kurudi kwake wanampigia kelele za mguu wa kuku. Mama aliniomba nimwekee kila baada ya chakula cha mchana, akasema inamsahaulisha maumivu.

Jumamosi iliyopita akaja Ojulong, wakala wa forodha, ambaye ndugu yake anaendesha lori huko Uarabuni. Akamwita Jamiru nje. Mimi nilikuwa hapo mlangoni nakaanga mihogo.

"We Jamiru, ile video ya geti, sauti yake ulisikilizaga?"

"Sauti ya nini? Mimi naangaliaga picha."

"Basi leo sikiliza. Ndugu yangu ametuma ile yenyewe."

Akaiwasha simuni, nami niliitambua sauti kabla sijayashika maneno. Ni Hudhaifa, Rashidah. Anasema kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Anataja jina lake, jina la marehemu baba na Malaba. Anasema waajiri wake wamezuia pasipoti yake, wamemtoa nje akiwa na homa kwa sababu hana tena nguvu za kubeba, anaomba maji, anaomba afunguliwe. Anasema yuko nyuma ya soko la mbuzi, mkabala na duka la matairi, na anautaja mji. Ni mji wako. Yule wakala wa ajira aliyewapeleka nyote wawili huko alitudanganya aliposema Hudhaifa kapangiwa kazi mbali nawe.

Mihogo iliungua. Nilimrukia mume wangu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, mpaka Ojulong akanishika mikono. Nilimwambia, muda wote huu mtoto wa watu anaomba maji, wewe unamtia kuku mdomoni! Alikaa chini, pale pale kwenye tope la malori. Hasira bado ninayo. Na uchungu mwingine ni wangu mwenyewe, maana huyu kaka yako mimi nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, na kitambaa cha usoni kikatosha kunipoteza.

Mama tulimwambia Jumapili baada ya adhuhuri. Hakulia. Aliilaza simu kifudifudi juu ya mkeka asione picha, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Kisha akauliza ni ya lini. Ojulong amesema ilirekodiwa kabla ya Ramadhani, na sasa hata Idi kubwa imepita.

Jana tulikwenda ofisini kwa yule wakala wa ajira. Wakatuambia Hudhaifa alitoroka kazini, kwa hiyo si mtu wao tena. Polisi waliandika maelezo yetu, wakasema tusubiri.

Jamiru amefunga kibanda. Anashinda kwenye simu akiwaomba watu waifute video, nao wanadhani ni mzaha mpya, wanamrudishia vicheko. Anawatumia ile ya kweli, wanamuuliza mbona hii haichekeshi.

Kuna neno moja aliniomba nisikuandikie, akisema litakuua. Nimeliwaza sana, na naona nikilificha nitakuwa nami nimemzimia Hudhaifa sauti. Mwishoni kabisa, kabla yule wa dirishani hajacheka, anasema, "Kama kuna mtu anamjua Rashidah, mdogo wangu, anafanya kazi mji huu huu, mwambieni niko hapa. Aje." Wewe ulipoipata yenye sauti ya Jamiru uliniandikia kwamba umewatumia wasichana wote wa mtaa wako. Hukujua, mdogo wangu. Sisi sote hatukujua. Tutalia pamoja siku Mungu atakapotukutanisha.

Ijumaa hii nenda. Usiende peke yako, nenda na Benedeta na yule dada wa saluni. Msiliguse geti lile. Simameni upande wa duka la matairi, umwite Hudi, jina la nyumbani, umwite kwa nguvu zako zote bila kuona haya.

Jamiru anakusalimu, ingawa anasema hastahili salamu zake zipokewe. Munirah anakubusu. Msalimie dada wa saluni, umshukuru kwa kukutunza. Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na akurudishe salama.

Nilidhani nimemaliza. Mama yuko hapa ubavuni, nimemsomea yote, na anasema niongeze hili kwa maneno yake: "Ukimwita asiitike, mwanangu, waulize wauza mbuzi, wageni wanazikwaga wapi hapo."

Ni mimi nikupendaye siku zote,
dada yako Fauziya