Jumanne ya Deka

Mombasa, 2 Aprili 2025

Baba,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, sijui nyinyi na mifugo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi la Garsen. Idi nimeila peke yangu na imeniuma sana. Nataka kuja Idi ya kuchinja. Naomba ruhusa yako.

Kazi ninayo, kwenye duka la vitambaa la Bi Kusum, mama wa Kihindu. Mnisalimie Mama.

Mwanao, Deka

Garsen, 14 Aprili 2025

Deka,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, mama yako mzima. Mifugo unajua mwenyewe: ng'ombe kumi na tisa walikwenda na maji. Ukoo wetu hausafiri Jumanne. Nilikukataza, ukatoka Jumanne, na Alhamisi yake mto ukaingia bomani. Leo ndio unaomba ruhusa? Kaa huko huko.

Anayeandika ni Liban, mdogo wangu. Maneno ni yangu.

Babako, Jarso

Mombasa, 22 Aprili 2025

Baba,

Salamu tena, hata kama umenuna.

Bi Kusum naye ni mtu wa siku, kama wewe tu. Ana kalenda ya Kihindu iliyochapwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa macho yake yamechoka, mimi ndiye namsomea. Mchana wanaugawa mafungu manane tangu jua kuchomoza. Kila fungu lina jina lake, mengine mema, mengine mabaya. Juzi marobota ya khanga yalikaa nje mpaka fungu baya lipite, mwenye lori amevimba kwa hasira. Nilicheka, halafu nikakukumbuka.

Sasa nisikilize. Kwao siku huanza jua linapochomoza. Basi langu liliondoka Garsen saa kumi na moja alfajiri, jua bado. Kwa hesabu yao nilitoka Jumatatu, sikuvunja kitu. Baba, nimechoka kuwa mtu aliyeua ng'ombe.

Mwanao, Deka

Garsen, 30 Mei 2025

Deka,

Waaleikum salaam. Mama yako ana mafua, sisi wengine wazima. Barua yako nimesomewa mara tatu. Hesabu ya mama wa Kihindu ni yake. Kwetu siku inaingia magharibi, kwa hiyo ulitoka Jumanne, usinizungushe.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Jumatano ile Liban alinijia akasema, "Maji yanakuja, tupandishe ng'ombe leo." Nikamwambia siku njema ni Jumamosi, tungoje. Maji hayakungoja. Nikatafuta wa kumlaumu, nikakuona wewe uliye mbali. Liban anaandika haya na kalamu inasita, lakini anajua ni kweli. Mwaka mzima amenistiri. Nimeona haya, mwanangu. Nisamehe.

Idi ni wiki ijayo na mabasi yanajaa. Ukikosa nafasi ila ya Jumanne, panda hiyo hiyo. Utanikuta stendi.

Babako, Jarso