Mashimo Yasiyo na Mwenyewe

Kichangani, jirani na Moa,
Mkinga, Tanga.

Kwa Kaka yangu mpenzi Ziyad,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, Kaka. Natumai barua hii itakukuta wewe, wifi na Nasma katika afya njema, na joto la Maskati limewapunguzia kidogo, maana mara ya mwisho ulilalamika mpaka nikakuonea huruma. Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata jua halisemwi tena, na sauti yake ni ileile, ukiwa kisimani unaisikia. Mvua za vuli zimenyesha kwa kusuasua na mihogo imetoka hivyohivyo. Tunamshukuru Mungu.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Simu ipo, Kaka, lakini nyumba hii ina masikio. Nikikutumia sauti leo, kesho ishasikilizwa na shangazi wa Pangani na binamu wa Dubai, kila mmoja na lake la kusema. Haya ni yako peke yako. Ndiyo maana nimempa Muhanad, mtoto wa jirani zetu anayerudi huko kazini, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Ikikufikia imefunguliwa uniambie, nitajua wa kumuuliza.

Habari ya dampo umekwisha kuisikia. Taka za Tanga mjini na za wilaya hizi za pwani zinatafutiwa pa kuzikwa pamoja, na mahali palipoonekana panafaa ni yale machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, juu ya shamba letu la minazi. Wanatwambia tusiite dampo. Dampo ni lile la kunguru na moshi. Hili ni la kisasa, litatandikwa nailoni nene chini, na taka zitashindiliwa na kufukiwa udongo kila siku. Sikatai. Taka za watu lazima ziende mahali, na mimi mwenyewe nilipoolewa Ngamiani nilikuwa natupa zangu bila kuuliza zinaishia wapi.

Lakini machimbo yale unayajua. Mvua ikinyesha, maji yote huteremka na korongo, yakapita mikokoni, yakamwagikia ufukoni palepale wanawake wanapofukia makumbi. Umeondoka zamani, labda umesahau. Makumbi ya nazi hulazwa kwenye mashimo ya matope ya chumvi, yakawekewa mawe juu, yakakaa miezi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, hupondwa, ukatoka usumba wa kusokotea kamba. Yananuka, hilo halifichiki, lakini ndiyo riziki ya wanawake wa hapa, hasa wasio na mume wa kuwaangalia. Mchuzi wa taka ukiingia katika mashimo yale, nani ataingiza mikono yake humo tena?

Basi tukaitwa mkutano. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mwinyijuma, akasimama kutusomea waliyoyaandika wataalamu wa mazingira. Yote yalikwenda vizuri mpaka alipofika ufukoni. Ilisemwa kwamba ufuko ule hautumiwi na mtu yeyote, una mashimo ya kale tu yaliyoachwa, yenye uvundo, na kwa hiyo upande ule hakuna haja ya kujenga bwawa la kuzuia maji ya taka. Wanawake wakacheka wakidhani ni mzaha. Mwinyijuma hakucheka. Mwana Nasma, mama mtu mzima, jina moja na mwanao, akauliza ni nani huyo aliyefanya mashimo yake kuwa ya kale. Mwinyijuma akajibu kwamba maneno yale yametoka kwa wenyeji wenyewe, hayakuzushwa na mtaalamu. Anayepinga asubiri. Alhamisi ya mwisho wa mwezi maofisa watakuja wenyewe ufukoni, na mwenye shimo asimame kwenye shimo lake aonekane.

Wenyeji wenyewe! Kaka, neno lile lilinikaa kooni mithili ya mwiba wa samaki. Nikaapa nitamjua aliyelisema.

Wa kwanza kumdhania alikuwa Mwinyijuma mwenyewe. Alikuwa na pikipiki mpya, na siku ile wataalamu walipokuja alionekana kwenye gari lao akicheka meno yote nje. Mimi nikaunganisha. Nikaenda kwa mkewe nikijifanya naazima kinu, nikazungukazunguka na maneno mpaka nikaifikia pikipiki. Kumbe ni ya mkwe wao, kaiacha pale huku akiuguza mguu. Nilirudi na kinu nisichokihitaji, na aibu kidogo. Kidogo tu, maana mtu kucheka namna ile na wageni wa serikali bado sikuipenda.

Nikahamia kwa Laurenti. Unamkumbuka, ambaye baba yake alikuja kukata mkonge akabaki, na marehemu Baba akampa kiwanja mpakani mwetu. Laurenti ndiye aliyemwongoza yule kijana mtaalamu, Asheri, kutoka machimboni hadi ufukoni. Nani mwingine angekuwa ndiye mwenyeji? Nikamsimamisha njiani nikamuuliza mbele ya watu kama ni yeye aliyesema ufuko hauna watu. Alitazama chini, akasema yeye hakusema neno. Nikamwambia kama si yeye basi amtaje aliyesema. Akasema hana la kuongeza, akaniaga kwa adabu na kwenda zake. Wallahi ule utulivu wake ulinitia wazimu. Asiye na hatia hupiga kelele, ndivyo nilivyojiambia. Nikawatangazia wanawake wote, tukaacha kununua maziwa yake. Alikuwa anapita na madumu yake asubuhi anabisha hodi mlango hadi mlango, na milango haifunguki. Mkewe Consolata akawa akinikuta ananisalimu huku ametazama pembeni. Nikasema ewaa, wamejijua.

Halafu, Kaka, nisikufiche, nikakudhania wewe. Unakumbuka ulipopiga simu ukaniuliza mpaka wa juu wa shamba unaishia wapi, kwenye mkanju au kwenye jiwe? Shamba li kwa jina lako. Mwinyijuma naye alishaniambia siku moja kwamba walioko ng'ambo huwa wanajua mambo kabla yetu sisi tuliokaa juu ya ardhi. Nikayaweka pamoja, nikaona giza. Nikaona ndugu yangu keshaahidiwa kitu, keshaupa mgongo ufuko wa mama zake. Ndiyo maana siku zile nilikuwa nakujibu kwa mkato, hujambo, sijambo, haya. Wewe ukadhani naumwa, ukanihimiza niende hospitali ya Bombo wakanipime. Nisamehe. Ukishaanza kudhania watu, kila mtu anakuwa na sura ya mwizi.

Juzi ndipo nilipoujua ukweli, na aliyenipa ni Consolata. Alinifuata, akaanza na hasira akamalizia na machozi. Alisema amechoka kumuona mumewe anamwaga maziwa, anatemewa maneno, naye kafunga kinywa kwa ajili ya heshima ya nyumba yetu. Nikamwambia heshima ya nyumba yetu imeingiaje hapa. Akanitazama sana, akauliza kama kweli sijui. Kisha akanieleza.

Siku ile Laurenti na Asheri walipoteremka kutoka machimboni jua lilikuwa kali, na njia inapita uani kwetu, kwa hiyo Mama akawakaribisha. Unamjua Mama na mgeni. Akawatengea kahawa na halua, akawatandikia mkeka mpya. Upepo ukageuka, uvundo wa makumbi ukapanda mpaka barazani. Yule kijana akakunja pua, akauliza kwa upole mashimo yale ni ya nani. Laurenti alifungua mdomo aseme ni ya wake zetu, lakini Mama akamtangulia. Akasema ni mashimo ya watu wa kale, siku hizi hakuna mtu anayeyagusa, watu wa hapa wameshaendelea. Akaongeza kwamba yeye ana binti yake mmoja, naye anashona. Kijana akaandika. Laurenti angefanya nini? Amkatize mtu mzima mbele ya mgeni, uani kwake, juu ya mkeka wake, mjane wa mtu aliyempa baba yake pa kujenga? Alikunywa kahawa yake akanyamaza. Na alipotukanwa njiani aliendelea kunyamaza, kwani kujitetea kungekuwa kumtaja Mama. Na aliyemtukana ni mimi.

Kaka, kaa chini kama umesimama. Mimi sishoni. Cherehani uliyonunua ipo, Mama kaifunika kitambaa cha kufuma, anawaonyesha wageni. Tangu niachike nikarudi kutoka Ngamiani naponda makumbi. Mashimo yangu yako upande wa mikoko, karibu na ya Consolata, na ni yeye aliyenifundisha kushika mchi, jambo ambalo hasira ilinisahaulisha nilipomshuku mumewe. Hatukukwambia, kwani Mama alisema ukijua utaona tumekudhalilisha, nami nikakubali kwa kuwa kukubali kulikuwa rahisi. Kila unachokula ukija likizo, kitoweo na mchele, kinatoka kwenye matope yale. Unaposifu biriani ya Mama ujue unasifu kamba zangu.

Nilimwendea Mama akiwa anachambua mchele. Sikumpigia kelele, Mungu shahidi. Nilimuuliza tu kwa nini. Mwanzo alikana, akasema Consolata ana ulimi mrefu. Kisha akaweka ungo chini, akaniambia yule kijana alikuwa amekunja pua na halua yake mdomoni, je, nilitaka amjibu nini, kwamba uvundo huu ni wa binti yangu? Kwamba ukoo wetu, uliokuwa na minazi kutoka korongoni hadi baharini, sasa mwanawe wa kike anaingia matopeni kiuno kizima pamoja na wake wa wakata mkonge? Na Nasma wako amechumbiwa, akasema, watu wa upande wa bwana arusi wana jamaa Tanga, wanaulizia nyumba yetu. Alidhani ni maneno ya kahawa tu, yatakwisha na kahawa. Hakujua kwamba kijana yule anaandika la kuamua maji ya taka yapite wapi.

Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Nilimwomba basi aende akafute neno lake, aseme alighafilika, hakuna atakayemcheka. Akakataa. Alisema hajawahi kuitwa mwongo tangu azaliwe na hataanza na umri huu, na kwamba Alhamisi akiulizwa atasema lilelile. Mate yakishatemwa, akasema, hayamezwi.

Nikawaendea wanawake. Nilidhani watateremka bila mimi, ni mashimo yao, wanayasimamia tu basi. Wakaniambia hapana. Mwana Nasma alinieleza kwa upole kabisa. Mama amewazika wafu wao, amewaozea mabinti zao, wengine kawazalisha kwa mikono yake. Hawawezi kusimama mbele ya serikali na kumkanusha mtu mzima wa namna ile. Atakayemjibu Bi Azza ni yule aliyetoka tumboni mwake. Mimi nikisimama kwenye shimo langu, watasimama na wao. Nisiposimama, kila mmoja atabaki nyumbani kwake, na ufuko utakuwa hauna mwenyewe kama ulivyoandikwa.

Nimekwenda kwa Laurenti kumwomba radhi, nikaenda mchana kweupe ili wale waliosikia nikimtukana waone. Alinikaribisha, akasema yamepita. Consolata alinijazia maziwa, nami nimeyachukua.

Sasa, Kaka, Mama atakupigia. Atakwambia nimepagawa, au nimetiwa maneno na watu wa bara, au nataka kuharibu ndoa ya mwanao. Atakuomba unikataze, kwani anajua mimi neno lako silivuki. Nami nakuomba, usimwambie kwamba hujui. Sasa unajua. Ukiona posa ya Nasma haiwezi kubeba shangazi mwenye mikono ya makumbi, niambie kwa kinywa chako, nitaumia na nitakuelewa. Lakini nitasimama. Alhamisi hiyo Mama atakuwa upande mmoja wa shimo nami upande wa pili, na mmoja wetu ataitwa mwongo mbele ya watu. Nampenda mama yangu kuliko roho yangu, na nimeshaamua kwamba huyo mwongo si mimi.

Nisalimie wifi sana, mbusu Nasma mwambie namwombea kheri ya ndoa yake usiku na mchana. Jirani zako tuliosalimiana nao kwa simu siku ya Idi uwafikishie salamu. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina, lakini chukua tu kwamba anakusalimu, maana hulitaja jina lako kila akimaliza kuswali. Mungu akulinde na akurudishe salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Rasha binti Yaarub,
mponda makumbi wa Kichangani.