Dawa Niliyokuwekea Siku Mbaya

Baba Furaha, mume wangu,

Binti yako ameniuliza swali nami nikamdanganya. Nakuandikia wewe kwanza, kwa sababu hasira zangu ulizijua na hukuwahi kuzikimbia. Barua naiacha wazi, aisome na mwingine mwenye mgonjwa nyumbani.

Furaha sasa anafanya kazi ng'ambo, kwenye maabara ya kuchunguza mapafu. Alinitumia picha kwenye simu. Wanampa panya dawa ya pumu kama ile uliyoandikiwa wewe, aivute, kisha wanamuua na kulikata pafu lake vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mashine inapita juu ya kipande, nukta kwa nukta, ikitafuta dawa imekaa wapi, na penye dawa inapaka rangi. Nilitazama hadi macho yakauma. Rangi imeng'ang'ania kuta za vijia vya hewa, kama vumbi la barabara ya Ariwara lilivyong'ang'ania kola za mashati yako.

"Mama, inakaa mule masaa mingi, inatuliza uvimbe polepole," aliniambia. "Lakini mutu anapaswa kuvuta kila siku, hata kama iko muzima. Siku ya kubanwa, yenyewe haiwezi kumuokoa." Kisha akauliza: "Papa alikuwa anavuta kila siku?"

Nikasema ndiyo.

Wewe unajua. Muuguzi alikupa dawa mbili za kuvuta, ya bluu kwa siku ya kubanwa, ya kahawia asubuhi na jioni. Ile ya bluu ikaisha na hatukupata nyingine. Ya kahawia ulikuwa umeitumia siku nne tu nilipokukuta uani, umesimama mzima kabisa, unaivuta. Nilikupiga mkono, ikaanguka kwenye maji ya vyombo.

"Weye iko muzima, unavuta ya nini?"

"Munganga alisema asubuhi na mangaribi, Mama Furaha."

"Munganga atakimbia na siye? Akiba haiozi."

Nikaifunga kwenye nailoni, nikaitia katika begi la kukimbilia, pamoja na chumvi, sufuria ndogo na karatasi za shule za Furaha. Kila nyumba ya kijiji chetu cha Ngezi ilikuwa na begi lake nyuma ya mlango. Amani ilitangazwa redioni, nasi tukaendelea kulala na viatu karibu. Ulicheka, ukasema basi niweke akiba na pumzi zako. Nami nilijiona nina akili kumshinda muuguzi.

Watu wa mapanga walikuja Jumapili mchana, maharagwe yakiwa motoni. Furaha alikuwa kwa bibi yake, kule Mahagi, namshukuru Mungu kwa hilo. Tulikimbilia shamba la mihogo nyuma ya nyumba, tukalala kifudifudi mferejini. Mabati yalikuwa yakipasuka kwa moto. Yule mama aliyetuuzia makaa walimfikia njiani. Panga lilimshukia mara tatu. Sauti yake ilikatika mara ya pili, lakini hawakuacha. Moshi ukatufikia na kifua chako kikaanza kupiga filimbi. Nikapasua nailoni kwa meno, nikakutia ile dawa mdomoni, nikabonyeza, ukavuta, nikabonyeza tena. Ulinitazama ukingoja. Nilibonyeza hadi kidole kikafa ganzi, na filimbi ikazidi.

Kisha mmoja wao akasema, "Sikiliza. Mu mihogo kuko mutu."

Nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nilikukandamiza kwa nguvu zangu zote, Baba Furaha, nguvu za mwanamke anayetaka kuishi. Uliniuma hadi damu. Sikutoa mkono. Walipita karibu, wakifyeka majani kwa panga, wakaenda kuchoma kwingine. Nilipolegeza mkono meno yako yalikuwa bado ndani ya nyama yangu, na wewe hukuwepo.

Miaka yote hii nimewachukia wale wanaume. Nimewaombea vifo ambavyo padri alikataa kuvisikia. Siku nyingine nilikuchukia hata wewe, kwa kunitii. Mwanamume mzima ananyang'anywa dawa yake na anacheka. Sijui kilichokuua ni pumu au ni kiganja changu. Ila ningekuacha uvute kila siku, huenda kifua chako kingenyamaza Jumapili ile.

Na Furaha anatafuta kosa ndani ya dawa. Amesema atapasua panya baada ya panya mpaka ajue kwa nini ilimwacha papa yake. Atazeeka kwa uongo wangu. Kosa haliko kwenye mapafu ya panya. Liko hapa Ngezi, limekaa jikoni linakunywa chai.

Wanasema tena kuna amani. Wiki iliyopita tulisikia risasi upande wa barabara iendayo Kilo, na begi jipya liko nyuma ya mlango. Dawa siweki humo tena. Mama mmoja jirani ana mtoto wa pumu; kila asubuhi naenda kwake kugombana naye mpaka mtoto avute mbele yangu. Ananiona mwendawazimu, na sijali.

Leo nimekifungua kiganja dirishani, nikakipiga picha. Alama za meno yako bado zipo, nne juu, tatu chini. Nimemtumia Furaha bila neno lolote. Simu inaita sasa, ni yeye.

Pumua vizuri huko uliko. Napokea.

Mkeo,
Mama Furaha