Rivolva ya mbia wako

Shoga, shika simu! Hili si la kucheka, na unanijua, mimi hucheka hata msibani.

Yule mbia wako wa duka kaja karakana asubuhi, kamletea mume wangu rivolva aikague. Mpya! Bado inanuka mafuta ya kiwandani.

Fundi wa watu akafumba jicho moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akaguna. "Mzee, mtutu wameukaza ukapitiliza. Ona kidude cha kulengea kimelalia kushoto, kama kofia ya mlevi. Irudishe wakupe nyingine."

Jamaa akauliza, "Risasi inatoka?"

"Kutoka itatoka. Ila ukilenga mlango utapiga dirisha."

Shoga, akatabasamu. AKATABASAMU! "Mlango wa nini, fundi? Huyo mtu tutakaa naye meza moja."

Mume wangu akacheka, akidhani ni utani. Jamaa hakucheka. Akaifuta taratibu kwa leso, akaondoka nayo vilevile.

Mpaka sasa chai imempoa fundi mkononi. Anarudia tu, "Meza moja."

Na wewe si ulisema leo jioni kakuita ofisini kwake, mkae wawili mvunje ubia?

Usiende. Pokea simu basi!