Muhuri wa Mkate wa Vaubrelle

Jumatatu, 5 Julai 1999

Xiaobei. Jasho tu, kiyoyozi cha hoteli kimekufa. Leo nimemwachia laoban — bosi, kwa Kichina — wa kiwanda cha mbao muhuri wa Mama Yvonne, mama mkwe wangu. Anataka sampuli, ndipo atoe nakala mia tatu.

Mama mkwe alinisisitizia niurudishe mzima. Mzima! Kama mimi mtoto. Kijijini kwao kwa Wafaransa, Vaubrelle, kila nyumba ina muhuri wake wa mbao, maana zamani tanuri lilikuwa moja kwa kijiji kizima, na bila alama watu wangegombania mikate. Muhuri hurithiwa na mke wa mwana. Mimi nimeolewa na Gaspard miaka kumi na mmoja, nilikuwa sijawahi hata kuushika kabla ya safari hii. Sasa paa la tanuri linavuja, kamati inataka nakala za kuwauzia watalii siku ya sikukuu, 15 Agosti — ndipo huyu Mhaya anayefanya biashara huku akakumbukwa. Haya.

Jumatano, 7 Julai

Mikaeli wa kargo, anayenitafsiria, kapiga simu kiwandani. Laoban kasema mei wenti, hakuna shida. Siwaamini watu wasio na shida.

Alhamisi, 8 Julai

WAMEUKATA! Kwa msumeno! Katikati!

Nimekuta vipande viwili mezani. Ati walitaka kupima kina cha nakshi. Na laoban ananionyesha huku anatabasamu! Nimefoka Kihaya, Kiswahili, Kifaransa. Mikaeli katafsiri nusu, mwoga mkubwa. Laoban kashangaa kweli: sampuli hukatwa, nani asiyejua?

Najua! Mwaka jana, kiwanda kingine, walipasua viatu nilivyowaletea, mbele ya macho yangu, nami nikawasifu kwa kazi nzuri. Safari hii nimeacha muhuri wa watu bila kusema usikate. Neno moja tu, Odilia! Mjinga wewe!

Ijumaa, 9 Julai

Nakala ya kwanza imetoka. Ile ile — kengele, herufi za ukoo, hata ule ukingo ulioungua. Mikaeli: dada, mpelekee hii, mzee wa watu atajuaje? Nimemfukuza chumbani.

Kisha nimeichukua nikaiweka kwenye begi langu. Najichukia.

Jumamosi, 10 Julai

Saa kumi jioni, kwao asubuhi. Duka la simu. Nilijipanga kusema ukweli wote. Nikaanza: Mama, ule muhuri... Akanidakia, kama kawaida yake. Eti jana kawatangazia kamati nzima: mwaka huu mkate wa nyumba yetu nitaupiga muhuri mimi, mke wa mwanawe, mbele ya kijiji. Nisiurudishe kwake. Ni wangu. Alitaka kuniambia siku ile aliponikabidhi, akashindwa, kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Nilinuna! Miaka kumi na mmoja ananipitisha kama mgeni, ningecheka? Angesema siku ile, nisingemwachia mtu yeyote! Namkasirikia bibi wa miaka themanini kwa kunipa kitu!

Nikawa nauzungusha waya wa simu kidoleni. Yeye akangoja. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: mbona kimya, au huutaki?

Laini ikakatika hapo hapo! Kadi imekwisha. Nimenunua nyingine, nimerudi kwenye foleni, naandikia gotini. Yeye kule anadhani nimemkatia. Mwanamume wa mbele yangu anapiga soga kuhusu kontena, anacheka, hana haraka hata kidogo. Maliza, wewe!

Sasa amebaki mmoja tu. Nitasema nautaka. Baada ya hapo, kama nitautaja ule msumeno, sijui.