Mtihani Niliouiba Maktabani

Wandegeya, Kampala

Dada yangu Hawa,

Pokea salamu za kaka yako mlinzi wa maktaba, mwenye meno sita na maneno mengi. Goti lako linakubali kukunjika, au bado unaswali kitini kama malkia? Mimi mzima huku, ila kichwa kimevurugika.

Alikuja hapa maktabani binti mmoja, Nakato, ambaye kazi yake ni kutazama watu wanavyopotea. Naapa! Mwanafunzi anazunguka rafu kama kuku anayetafuta pa kutaga, yeye anaandika tu. Nikamwambia, "Nnyabo, si umwonyeshe?" Akajibu, "Hapana, Mzee. Nataka maktaba yenyewe imwonyeshe."

Basi yeye na wenzake wakabandika vibao na mishale kila mahali. Akasema watu wa kila namna watavijaribu, hata mimi. Nitapewa jina la kitabu, nikitafute peke yangu huku nasema kwa sauti ninachowaza.

Hawa, unanijua kwenye mitihani. Darasa la nne nilipita kwa daftari lako. Niliogopa wakijua nasoma kwa kudonoa, wataajiri kijana mwenye vyeti. Nikambembeleza Mama Atim, mfagiaji wetu aliyewasikia wakikichagua, akaniuma sikio: kitabu cha magonjwa ya mbuzi, ghorofani, dirisha la mwisho, jalada la kijani. Siku ya siku nikapanda moja kwa moja, nabwabwaja, "Nawaza kulia... nawaza mshale..." Kibao hata kimoja sikukitazama. Nakato akapiga makofi. Mkuu wetu wa maktaba akasema, kama hata Mzee ameweza, vibao vinatosha. Walinzi tusiache tena geti kuwapeleka watu.

Wiki iliyopita akaja mama mfugaji kutoka Lubaga. Mbuzi wake wanakufa, anataka kitabu kilekile. Nikamwonyesha mishale, ndiyo amri. Baadaye namwona anatoka mikono mitupu, macho chini. "Umekosa, mama?" "Nimefika chooni mara mbili, ssebo. Labda ni ujinga wangu." Akaenda zake.

Ujinga wake! Nikamfuata Nakato. "Binti yangu, niliiba."

"Uliiba kitabu, Mzee?"

"Jibu. Vibao vyenu sikuvisoma. Maneno marefu kama treni."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hatukukupima wewe. Tulipima vibao!"

Hapo ndipo ninapokwama, dada. Kibao kinafanyaje mtihani? Anasema nikipotea ndiyo namsaidia, na kwamba kazi yangu iko palepale. Kesho narudia, kitabu kingine, mkuu mwenyewe akitazama, na Mama Atim ameapishwa asinisogelee. Sasa nikikiona nimefeli, au nimefaulu? Yule mama nimempelekea ujumbe arudi keshokutwa. Amri au si amri, nitampandisha mwenyewe.

Msalimie shemeji, mwambie aache kukoroma Arua nzima isikie. Msalimie shangazi Zamu aliyetulea. Binti yangu Rukia asiwaambie wajukuu kwamba babu yao anarudia mtihani.

Barua hii inakuja na basi la leo usiku, basi wewe niombee dua kesho asubuhi nipotee vizuri, mbele ya mkuu, mpaka chooni.

Kaka yako mtundu,
Juma