Mama Amelinyoosha Pipa Langu

Jumamosi, jioni. Mvua ya mchana imekatika, Ujiji yote inanuka udongo na dagaa, nami nimejifungia chumbani. Sitaki kuonana na mtu.

Shajara yangu, leo nimeaibika mbele ya mji mzima.

Unakijua kikundi chetu cha ngoma za chuma za Karibiani. Unalijua na pipa langu, lile lililokuwa la mawese. Mwalimu wetu mgeni kutoka Trinidad alilikata, akaligonga kwa nyundo mpaka kila kibonyeo usoni pake kikapata sauti yake. Wenzangu wanapiga za kuitikia, ila wimbo wenyewe unakaa kwenye pipa langu. Mwalimu alisharudi kwao.

Mama naye unamjua. Miaka miwili ananiita mgonga madebe kila nikifanya mazoezi uani, miaka miwili namsihi aje asikie japo mara moja. Wiki hii akakubali. Nilifurahi kama mtoto.

Juzi nikaenda msibani Kidahwe. Jana narudi, nakuta pipa limeegeshwa mlangoni, limepakwa mawese, linang'aa. Uso umenyooka kama sinia.

Mama alikuwa amelipeleka kwa fundi wa majiko. "Lilibonyea kila mahali, mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kiha chetu. "Sikutaka usimame mbele za watu na chombo kibovu."

Nikamwambia asante Mama. Kisha nikaenda msalani nikalia.

Hapa Kigoma hakuna anayejua kulirudisha. Sadiki, kiongozi wetu, aliligonga mara moja tu, akakaa chini. Onyesho lilikwisha kutangazwa.

Leo alasiri uwanja wa kule ziwani ulijaa. Wenzangu wakaanza, tena vizuri mno. Ikafika zamu yangu.

Ko. Ko. Ko.

Nikaendelea kupiga hivyo hivyo, maana Mama alikuwa mstari wa mbele na kitenge chake cha sikukuu. Kijana mmoja akapaza sauti, "Dada, umetuletea sufuria?" Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alipiga makofi mpaka mwisho, akiwaambia majirani kwamba lile la binti yake amelinyoosha yeye.

Njiani akanishika mkono. Hajanishika hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Sasa nimeelewa kwa nini unalipenda," akasema. "Ila ya wenzako bado yamebonyea. Nimeshaongea na fundi, Jumatatu ayapitie yote."

Kwa hiyo lazima nimwambie, na kabla ya Jumatatu. Nimefika mlango wa jikoni mara mbili, nimerudi. Naogopa. Nikimwambia, hataniamini tena nikimwambia asante, na mkono wangu hataushika.

Sasa hivi anasonga ugali huku anaimba. Nimetega sikio. Ni wimbo wetu, wote, kuanzia mwanzo, bila kukosea.

Leo wimbo ule haukusikika uwanjani. Pipa langu ndilo lililokuwa nao.

Ina maana miaka yote miwili alikuwa ananisikiliza kutoka jikoni. Sasa nitaanzia wapi kumwambia?